Tela Yangu Hailali Kihambani

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alifariki na shida ikaingia nyumbani kwetu bila kubisha hodi. Nilikuwa darasa la nne. Kaka zangu waliachwa waendelee na shule. Mimi nikapewa kamba na mundu, nikaambiwa ng'ombe hawangoji mtu amalize kusoma. Kuanzia hapo nikawa nashuka tambarare na wanawake wazima kukata majani, kisha tunapanda nayo kichwani hadi Kibosho, maana huku kwetu ng'ombe anakaa bandani na kuletewa chakula kama bwana harusi. Anayezijua njia zile ananielewa. Asiyezijua aje apande na mzigo kwanza, halafu tuongee.

Sielezi haya ili nihurumiwe. Nayaeleza kwa sababu huko ndiko nilikojifunzia uzito. Mzigo wa majani ukizidi nyuma unakuvuta kisogo, unatembea ukiangalia mbingu na miguu haijui inakokanyaga. Unatakiwa uegemee mbele kidogo, kidogo tu, hapo ndipo unakufuata unakokwenda. Hilo nililijua kabla sijamiliki hata kandambili.

Siku hizi watu wananiuliza kwa nini mwanamke wa umri wangu, mwenye nyumba yake mlimani, analaza tela yake kule chini, mbali na mlango wake. Wengine wanasema nilifukuzwa. Wengine wanasema niligombana na ukoo wa marehemu mume wangu kwa sababu ya ndizi. Hao wa ndizi wamekaribia. Naandika ili wote waache kubahatisha.

Mume wangu alikuwa dereva. Mimi nilikuwa nauza ndizi soko la Kiboriloni, na pikapu tuliinunua kwa ndizi hizo, si kwa kitu kingine. Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha, jioni, kwenye barabara za mashamba, akicheka kila nilipozimisha gari. Alipofariki tulimzika kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la ukoo, nyuma ya nyumba, kama desturi yetu ilivyo. Kaka yake mkubwa, ambaye ndiye msemaji wa ukoo na ambaye kila mtu anamwita Meku, yaani mzee, akaja na mnunuzi wa pikapu kabla maua ya kaburini hayajanyauka.

"Shemeji," akaniambia, "gari bila dereva ni banda la kuku."

Nikamkaribisha mnunuzi chai. Akanywa, akashukuru, akaondoka kwa miguu. Mwaka huohuo nikaenda kutafuta leseni.

Biashara ya boti niliiona mwenyewe, sikuonyeshwa na mtu. Bwawa la Nyumba ya Mungu liko kule tambarare, na wavuvi wako huko, lakini mbao nzuri na mafundi kadhaa wako huku juu. Boti ikishaundwa inashukaje? Wakati ule walikuwa wanaibinua juu ya pikapu, pua inapita kichwa cha gari, mkia unaning'inia barabarani, imefungwa kwa kamba ya katani, na juu yake wamekaa watu wawili wa kuishikilia. Kuishikilia! Boti ikiamua kuondoka, mtu anashikilia nini?

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea Moshi mjini, nikamweleza ninataka tela ya boti. Alipomaliza akajipangusa mikono, akasema, "Mama, funga uende."

"Namba iko wapi?"

"Si iko kwenye gari?"

"Hiyo ni ya gari. Hii ina miguu yake."

Akacheka. Sikuiondoa pale mpaka niliposhughulikia kadi yake, namba yake, bima yake, na ikakaguliwa. Nilizunguka ofisi hadi vidole vya miguu vikatoka malengelenge. Tena nikarudi kwenye leseni, nikaongeza daraja linaloruhusu kuvuta tela, maana kujua kuendesha gari siyo kujua kuvuta kitu chenye akili yake. Majirani wakapata la kusema. "Amekatia bima mkokoteni," mmoja akawaambia wenzake kisimani, nami nasikia. Nikampitia karibu nikamwambia, "Na wewe ukichoka kusema, nikukatie."

Nilikuwa na sababu. Kwenye mteremko wa Kibosho niliwahi kuona tela ya mtu mmoja, imebeba tangi la maji, ikijitoa kwenye gari. Pini ilikuwa imepotea zamani, wakaweka msumari. Gari likakata kona, tela haikukata. Ilikwenda moja kwa moja, ikapita kwenye kahawa ya watu, ikavunja ukuta wa jiko. Mwenye jiko alikuwa ametoka dakika ile kumfuata mtoto. Nilisimama pale na ndizi zangu, nikaangalia mwiko wake ukiwa umelala kwenye matofali. Kwa hiyo tela yangu ina pini ya kiwandani, ina kufuli, na ina minyororo miwili inayopishana chini ya mkono wa tela, yaani ule mkono wa chuma unaotoka mbele na kushika gari. Kichwa kikichomoka, minyororo inaupokea mkono kama beleko, usijikite kwenye lami. Ina taa za breki na za kukatia kona. Ina riflekta pande zote. Boti ikichomoza nyuma, mwishoni nafunga kitambaa chekundu. Ninabeba pembetatu zangu za kuweka barabarani. Matawi ya miti sikati, wala mawe siachi katikati ya njia kwa mwenzangu anayekuja nyuma.

Basi. Sasa ndizi.

Ukoo uliamua kuwa na boti. Binti wa shemeji yangu Meku ameolewa bwawani na Mpare mmoja, mtu mwema, mchapakazi, na wazo lilikuwa hivi: ukoo utoe boti, mkwe aiendeshe, ivushe watu na samaki. Fundi wa ukoo akaiunda kwa mbao za mringaringa, ikawa boti nzuri, sikatai. Kuivuta wakaniomba mimi. Nani mwingine? Jioni ya kuamkia safari nikaiweka kwenye tela mwenyewe uwanjani kwa fundi, nikasogeza mbele nyuma mpaka uzito ukakaa ninavyoutaka, nikakaza mikanda. Injini niliitoa nikaipakia kwenye bodi la pikapu, kwa sababu injini inakaa mkiani mwa boti, na mkia sitaki uwe mzito. Nikaenda kulala.

Asubuhi nilitoka misa ya kwanza nikapitia pale kufunga tela kwenye gari. Nilidhani boti imeota migomba.

Mikungu ilikuwa imejazwa kuanzia kiti cha katikati hadi mkiani, imesimamishwa vizuri, kijani tupu. Juu ya kiti cha nyuma kabisa limekaa pipa la mbege, limevikwa majani mdomoni, na limefungwa kwa mkanda. Nikautazama ule mkanda. Ulikuwa wangu. Walifungua mmoja wa mikanda inayoshika boti ili wafungie pombe.

"Nani kafungua huu?"

Nikawatazama watu. Walikuwepo wengi, wamevaa vizuri, wengine tayari wamekaa ndani ya Noah ya kukodi. Kando ilisimama kenta ya jamaa mmoja wa ukoo, bodi lake tupu, limefagiliwa.

Shemeji akatoka nyuma ya boti na koti lake la suti.

"Shikamoo, shemeji," nikasema.

"Marahaba. Umechelewa. Tuondoke jua halijawa kali."

"Hizi ndizi zinakwenda wapi?"

"Ukweni."

"Na boti?"

"Ukweni hukohuko. Ndiyo maana zimo ndani."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikaenda mbele ya tela, ambayo ilikuwa bado imesimama kwa mguu wake, haijafungwa kwenye gari, nikashika mkono wake kwa mkono wangu wa kushoto, huu ambao uliwahi kuteguka, nikaunyanyua kama mfuniko wa sufuria.

"Mnaona? Jana mlihitajika wanaume wawili kuunyanyua huu. Leo naunyanyua mimi. Mkia umeshinda kichwa. Tukianza kushuka tela itatikisa kiuno. Tukizidi kushuka itacheza. Tukifika kwenye lami na mwendo, itaendesha yenyewe, na mimi nitakuwa abiria."

"Si uzisogeze mbele kidogo, mae?" akasema mzee mmoja. Mae kwetu ni mama.

"Nikisogeza hizi mbele mtaongeza nyingine nyuma. Nawajua. Na tela hii imekaguliwa kubeba boti, haikukaguliwa kubeba boti na shamba. Na mbege ni maji. Kwenye kona itahamia upande na kutuvuta. Kenta hiyo hapo. Pakieni."

Hapo shemeji akashusha sauti, na akishusha sauti ndiyo amekasirika.

"Kenta ni gari la kwenda sokoni. Tunapeleka boti kwa wakwe. Ifike ina hewa tupu ndani yake, waseme nini? Kwamba tumewaletea ganda?"

Nieleze kidogo kwa asiye wa kwetu. Mchagga haendi kwa watu mikono mitupu. Hata kikapu cha mtu, kikienda kurudishwa kwa mwenyewe, kinatiwa kitu ndani. Wao waliiona boti kama kikapu. Kwenye macho yao kosa lilikuwa kuipeleka tupu. Nami nawaelewa kabisa, nimezaliwa humohumo. Ila kikapu hakishuki Kibosho kwa magurudumu.

"Tutaijaza," nikasema. "Tukikaribia mlangoni kwao tunasimama, mnashusha kwenye kenta, mnapakia kwenye boti, tunaingia nayo polepole. Wataiona imejaa."

"Kama maigizo?"

"Kama watu waliofika."

"Mume wako angebeba," akasema.

Aliyekuwa anapiga honi ya Noah aliacha.

"Mume wangu yuko nyuma ya nyumba," nikamjibu. "Nenda kamwulize."

Akanisogelea. Hakupiga kelele, alisema kwa kila mtu kusikia. "Sikiliza, shemeji. Nyumba ni yako, mdogo wangu alikujengea. Lakini ule uwanja wa mbele na ile njia ya gari ni kihamba cha ukoo. Boti ya ukoo isipobeba ndizi za ukoo, tela yako haitalala tena kwenye kihamba cha ukoo. Nimesema mbele ya watu."

Nikautoa ufunguo wa pikapu mfukoni, nikautia kifuani. Nikakaa juu ya mkono wa tela. Kwa kukaa kwangu tu pua ya tela ikashuka, ikatulia.

"Au mnifunge mimi hapahapa hadi bwawani," nikawaambia, "nitasaidia."

Nikaokota ndizi moja iliyoiva mapema ikadondoka kutoka kwenye mkungu wao, nikamenya, nikala. Wakamwita dereva wa kenta aivute yeye. Akaja, akazunguka, akaniuliza taratibu, "Bibi, hii kadi yake ina jina la nani?" Nikamwambia langu. "Na leseni ya kuvuta tela?" Nikamwambia ninayo mimi, yeye ajiangalie. Akarudi kwa wazee akawaambia kenta yake haina pa kufungia. Mtoto yule ana busara.

Aliyemaliza ubishi ni mke wa shemeji, mama wa binti tunayemwendea. Alishuka kwenye Noah na gauni lake jipya, akapanda kwenye boti, akabeba mkungu wa kwanza akaushusha.

"Wewe unafanya nini?" mumewe akamwuliza.

"Mimi nakwenda kumwona mwanangu. Ninyi mnakwenda kuonekana. Wakina mama, njooni."

Wakashusha wote. Nikarudisha mkanda wangu mahali pake, nikakaza, nikafunga tela, nikapisha minyororo. Nikamwomba mama yuleyule asimame nyuma aniambie taa. "Kushoto! Kulia! Breki! Inawaka, mae, twende!" Nikapita mara ya mwisho kugusa tairi, nikakuta jamaa mmoja amejikalia ndani ya boti na tarumbeta lake.

"Shuka."

"Niwapungie watu tu njiani."

"Shuka. Tela haipandi mtu."

"Hata mzee mmoja?"

"Hata askofu."

Shemeji alipanda mbele, kando yangu. Ni lazima apande gari linalovuta boti, yeye ndiye mkuu wa msafara. Niliingiza gia ndogo tangu juu, nikaiacha injini ya gari ishike mzigo. Ukishuka Kibosho kwa kukanyaga breki mfululizo, ukifika chini huna breki. Alikuwa anatazama saa yake. Mwache atazame.

Mjini tukapita, Kiboriloni tukapita, wachuuzi wenzangu wa zamani wakapiga vigelegele. Himo tukapita. Baada ya hapo barabara inanyooka na upepo wa tambarare unaanza. Basi likatupita kwa kasi, na upepo wake ukaisukuma boti. Niliuhisi kwenye usukani, kama mtu anayegusa bega lako. Tela ikatingishika mara moja, ikarudi kwenye mstari. Sikukanyaga breki. Nilitoa mguu kwenye mafuta tu, nikashika usukani umenyooka. Shemeji alikuwa ameshika ule mshikio wa juu ya mlango.

Mbele kidogo trafiki akatupungia pembeni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akaomba leseni, akaomba kadi ya gari, akaomba kadi ya tela. Nikampa zote. Akazunguka nyuma, akavuta mnyororo, akaniambia nikanyage breki, nikakanyaga. Akasoma namba ya tela. Akaja dirishani, akamwamkia shemeji naye, akasema, "Safari njema." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yote. Watu wanafikiri trafiki ni mtu wa kuogopa. Mimi kadi zangu zikiwa mkononi, namwona kama mtu yeyote aliyesimama juani.

Kabla ya kuacha lami kule Kifaru, ng'ombe wakaingia barabarani. Hawakuulizana, walitiririka tu kutoka kwenye vichaka, kundi zima. Nilikuwa nimeacha nafasi kubwa mbele yangu, kwa sababu tela inakusukuma unapotaka kusimama. Nikakanyaga, nikaachia, nikakanyaga. Boti ikatusukuma. Niliisikia ikija, chuma kinagonga chuma pale nyuma. Lakini ilikuja imenyooka. Tukasimama, na ng'ombe mmoja mwekundu akageuza kichwa kutuangalia kupitia kioo, karibu kiasi kwamba niliona inzi machoni pake.

Shemeji alikuwa ameweka mikono miwili juu ya dashibodi. Aliitoa polepole, akajipangusa suruali.

Karibu na kwao wakwe tukasimama kwenye mgunga mkubwa. Kenta ikaja, ndizi zikashuka, ndizi zikapanda boti. Mikono haikutosha, na shemeji akavua koti, akabeba mkungu begani na shati lake jeupe. Utomvu wa ndizi hautoki kwenye shati, kila mtu anajua. Tukalipandisha na pipa. Tukaingia mlangoni mwendo wa maharusi, boti imefurika kijani, wanawake wanaimba. Kama ingeishia hapo, mambo yangekuwa mema.

Lakini Wapare ni watani wetu, na watoto wao walikuwa wametuona mgungani. Baba mkwe, mzee wa Kipare mwenye fimbo, akaizunguka boti, akagusa mkungu mmoja, akasema kwa sauti ya kutosha kijiji:

"Wachagga! Hizi ndizi zimepanda boti pale kwenye mgunga, zimesafiri hapo hadi hapa, na tayari mnataka tuzipe pole ya safari?"

Walicheka mpaka mtu akajishika ukuta. Mimi nilicheka. Mke wa shemeji alicheka akalia. Ilikuwa utani, na utani unajibiwa kwa utani. Meku angemwambia tu, "Tulijua Mpare akiona ndizi kwa mbali atazihesabu, tukazificha," ingekwisha. Hakumwambia. Alisimama pale na shati lenye madoa, akanitazama mimi.

Boti ikaingia majini mchana. Hata hapo nilisubirisha watu, maana magurudumu ya tela yakitoka safari ndefu yanakuwa ya moto, na ukiyatumbukiza ya moto yanafyonza maji ndani ya beringi, baadaye yanakufia barabarani. Nikagusa kila kitovu cha gurudumu kwa kiganja hadi kikapoa. Shemeji alikuwa ameketi kivulini, ameupa ufuo mgongo.

Nilirudi peke yangu na tela tupu. Wao walibaki kula.

Siku chache baadaye nilitoka na tela asubuhi kuchukua boti nyingine. Niliporudi jioni nilikuta masale yamepandwa kukatiza uwanja wangu, mstari ulionyooka, kutoka ukuta wa banda hadi kwenye mgomba wa pembeni. Udongo bado mbichi. Waliacha mwanya, mwanya wa mtu na mzigo wake wa majani, si zaidi.

Isale ni mmea mwembamba wenye majani marefu. Ukiusukuma kwa bampa la gari unalala. Lakini kwetu isale likipandwa ni mpaka, na Mchagga hang'oi mpaka. Nimeona watu wakiuana kwa maneno miaka na miaka huku masale yamesimama katikati hakuna aliyeyagusa. Nililizima gari nikakaa ndani, taa zimeyamulika. Ningeweza kuyapitia. Pikapu ile ingeyapitia bila hata kuyasikia. Kaburi la mume wangu liko upande ule. Nyumba yangu iko upande ule. Nikashuka, nikapita kwenye mwanya, nikawasha moto, nikapika, nikala. Kisha nikaenda kuiomba parokia uwanja wa kulaza tela kwa muda.

Ukoo ukaita kikao. Tukakaa kwa shemeji, mbege ikazunguka. Aliyesema kwa niaba ya shemeji alikuwa yule mzee aliyeniambia nisogeze ndizi mbele.

"Mae," akasema, "jambo hili ni dogo. Umemwaibisha mkubwa wako mbele ya wakwe. Leta isale. Jani moja, ulifunge fundo, umpe kwa mikono miwili. Akipewa isale hawezi kukataa, hata sisi hatutamruhusu akatae. Kesho masale yatahamishwa, na tela yako inalala kwako."

Ni kweli. Anayekuletea isale unamsamehe, hata awe amekutenda nini. Kwa hiyo walinipa njia nyepesi. Jani moja. Nilikuwa nayo yamejaa uwanjani kwangu, mapya, ningechuma lolote.

"Niombe radhi ya nini?" nikauliza.

"Ya kuaibisha."

"Aliyeaibisha ni mtani, na alikuwa na haki yake. Mimi nilivuta boti. Ilifika?"

"Ilifika."

"Kuna aliyeumia?"

"Hakuna."

"Trafiki aliandika kosa?"

"Mae, acha ukaidi..."

"Basi niombe radhi ya nini? Ya kufika?"

Mke wa shemeji alikohoa ndani ya kibuyu chake. Shemeji akasema mara moja tu siku ile. "Lilikuwa jani, shemeji. Jani tu."

Na hapo ndipo aliponikosea kweli, kwa sababu siyo jani tu, na yeye anajua kuliko wote. Nililetewa isale na jirani aliyeniibia mbuzi, nikalipokea nikanyamaza hadi leo. Kitu kizito namna ile sitakitumia kununulia nafasi ya kuegesha. Nikimpa, maana yake nimekubali kwamba siku ile ningepaswa kunyamaza na kuvuta. Halafu safari nyingine watapakia tena, na nitakuwa nimeshaomba radhi kwa kukataa. Nikawaambia hivyohivyo, nikawaaga kwa heshima wote, na yeye nikamwamkia. Nikatoka.

Sijapeleka. Ni miaka sasa. Yeye hakung'oa, mimi sikung'oa, masale yamekua yamefika kiunoni. Tukikutana njiani namwambia shikamoo na anaitikia. Mkewe anapita kwenye mwanya kila Jumapili tunakunywa chai. Watu wananiambia nitajutia, kwamba siku nikifa gari la maiti halitapita. Nimewaambia watu wanne wenye mabega watatosha, nami sitakuwa na haraka.

Nilitafuta kiwanja changu tambarare, nje ya Himo, ardhi kavu ambayo hakuna Mchagga aliyeililia. Nikakilipia mwenyewe, nikazungushia wigo wa miiba, nikatengeneza lango pana. Wenye boti wananifuata huko. Anayekuja na mzigo ndani ya boti namwambia ashushe kwanza, ndipo tusalimiane.

Nilicho nacho leo ni hiki.

Nyumba ya vyumba vitatu Kibosho, ninayoingia kwa miguu. Migomba nyuma yake, na kahawa kidogo. Ng'ombe wawili wa maziwa na ndama mmoja. Kiwanja kimoja tambarare, chenye hati. Pikapu mbili, moja mbovu. Tela mbili, kila moja na namba yake na bima yake. Leseni hai. Banda la bati la kufanyia kazi, na mashine ya kuchomelea. Kisima. Simu ya vitufe. Kuku sijawahesabu.